Domina Laurean na Mabasi ya Kuchaji

Domina Laurean hakuwahi kuwa na sauti ndogo. Aliitoa Muleba, ambako mtu humwita jirani aliye ng'ambo ya bonde asisumbuke kuvuka, akapanda nayo ndege, na Maryland pamoja na ustaarabu wake wote haikuweza kuishusha. Akiongea na simu sebuleni kwake Bladensburg, wa ghorofa ya juu wanajua shangazi yake wa Bukoba ameamkaje. Sauti hiyo ndiyo iliyompatia kazi aliyoipenda kuliko zote, na sauti hiyo hiyo, mwaka elfu mbili ishirini na mbili, majani yalipoanza kupukutika, nusura iiharibu kazi yenyewe.

Alikuja Marekani mwaka ule wa mvua za El Niño, zile zilizokwenda na madaraja zikawaacha watu barabarani na magunia yao ya kahawa yakiota. Alikuja kulea watoto wa ofisa mmoja wa ubalozi. Ofisa aliporudishwa nyumbani, Domina akabaki, akatengeneza karatasi zake kihalali, akaolewa, akafiwa, akalea wanawe wawili mpaka wakaenda zao vyuoni. Muda wote huo mkate wake ulitoka kwenye basi la njano la shule. Kwanza alikuwa msaidizi wa ndani, yule anayewafunga watoto mikanda na kuwafuta makamasi. Kisha akajifunza udereva wa magari makubwa, akakaa kwenye usukani miaka na miaka. Alianzia Germantown, kule kwenye nyumba mpya zilizopangwa kama miche ya sabuni dukani, akaja kumalizia kwenye yadi ndogo ya Bladensburg, hatua chache toka mlangoni kwake.

Sasa yadi hiyo ilikuwa nyuma ya maghorofa wanakoishi watu wetu, Wakenya, Watanzania na Wakongo, kila mmoja na Kiswahili chake. Siku za baridi, kabla hakujapambazuka, madereva huwasha injini za dizeli wakaziacha zingurume mpaka zipate joto. Moshi unapanda ukutani, unapita kwenye nyufa za madirisha, unaingia vyumbani bila hodi. Sikujua, mama mmoja wa Bukavu ambaye chumba cha watoto wake kilitazama yadi, alikuwa akisokomeza mataulo dirishani kila Novemba. Mtoto wake wa mwisho ana pumu. Akilala, kifua kinapiga filimbi.

"Mama Domina," Sikujua alikuwa akimwambia wakikutana kwenye ngazi, "ni weye unapikiaka mutoto wangu moshi."

Alisema akicheka, lakini si kicheko chote kilikuwa cha kucheka. Domina alikuwa akienda kazini na maneno hayo, akiwasha basi lake, na maneno yako naye.

Siku moja akapanda kijana mmoja wa Kimarekani ndani ya basi lake, kompyuta mapajani, jina lake Ethan. Alitoka kwenye shirika dogo lenye ofisi mtaa wa Shaw, kule mji mkuu, juu ya mgahawa wa Wahabeshi, na alitumwa kuitazama ruti: wapi pana mlima, wapi basi linasimama mara kwa mara, wapi linakimbia. Domina akamweleza. Akamweleza mlima, akamweleza kona, akamweleza nyumba yenye mbwa mkorofi, akamweleza na mama anayetoka na taulo kichwani kila asubuhi kumkimbizia mwanawe begi. Walipofika shuleni kijana hakuwa ameandika hata neno. Alikuwa anacheka.

"Bi Domina, unaipenda kazi hii?"

"Naipenda. Siupendi moshi wake."

Haukupita muda, watu wa lile shirika wakampigia simu aje wafanye kazi pamoja.

Kazi yenyewe nitaieleza kwa ufupi. Wilaya ya shule ikisema imechoka na dizeli inataka mabasi ya umeme, kusema ni rahisi. Kuanza ndiko kugumu. Basi moja la umeme bei yake ni ya kushika kichwa. Yadi nyingi nyaya zake ni za kuwashia taa tu na birika la chai. Baridi ikizidi, betri linapungua nguvu. Basi watu wa Shaw hukaa na wilaya, wakapanga pamoja ruti ipi ianze, transfoma ikae wapi, ruzuku iombwe serikali gani, na kampuni ya umeme ibebe mzigo gani. Ethan alikuwa mtu wa mahesabu. Domina alikuwa mtu wa watu: madereva, mafundi, wazazi. Wawili hao walifanana kwa jambo moja, wote walikuwa na wazimu wa mabasi.

Na wazimu huo kwa Domina ulianza siku aliyokaa kwenye usukani wa basi la umeme kwa mara ya kwanza. Lilikuwa limeletwa kwa majaribio kwenye uwanja mpana wa kuegeshea magari, na madereva wa zamani walikaribishwa. Alikwenda na Nehemiah, Mkenya, dereva mwenzake wa yadi, mtu wa mizaha, aliyeapa toka asubuhi kwamba kitu kile si basi.

Domina akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena.

"Usibonyeze, mama," alisema mwalimu aliyekuja nalo. "Limeshawaka."

"Limewaka wapi?"

"Kanyaga tu."

Akakanyaga. Basi likaondoka kama mzazi anayetoka chumbani asimwamshe mtoto. Wee! Domina akapiga yowe. Akazunguka uwanja kichwa kikiwa nje ya dirisha. Miaka yote ya udereva hakuwahi kuisikia indiketa yake mwenyewe. Siku hiyo aliisikia, tik tik tik, akaiwasha kulia na kushoto hata pasipo na kona, raha tu. Alisikia ndege wa mitini. Alipoachia mafuta, nasema mafuta kwa mazoea, basi likajishika breki lenyewe na kurudisha nguvu kwenye betri. Akashuka machozi yanamtoka.

"Hii si basi," Nehemiah alisema, mikono mfukoni. "Hii ni friji imewekewa magurudumu."

"Panda basi hiyo friji, tukuone!"

Nehemiah akapanda. Akazunguka. Akashuka, akaenda kusimama tena mwisho wa foleni.

Mwaka huo serikali kuu ikafungua mfuko mkubwa wa kusaidia shule kununua mabasi ya namna hiyo, na wilaya yao ikapata fungu la kwanza: mabasi kumi pamoja na mashine zake za kuchajia. Kumi tu. Yadi zilizoyagombea zilikuwa mbili. Moja ilikuwa mpya, mbali kabisa pembezoni, umeme upo tayari mlangoni na jirani zake ni kulungu. Nyingine ilikuwa ya Bladensburg. Yadi ya Bladensburg ilihitaji kuchimbwa barabara, kulazwa nyaya, kusimamishwa transfoma kubwa karibu na maghorofa. Lakini mabasi yake yalikuwa kumi kamili. Yakija mapya, haibaki dizeli hata moja chini ya dirisha la Sikujua.

Domina na Ethan walihangaika miezi. Walipima ruti zote, betri likazimudu zote na ziada ikabaki. Waliisumbua kampuni ya umeme mpaka mhandisi wake akawa anaitambua sauti ya Domina kabla hajajitambulisha. Mwisho mpango ukasimama. Ikabaki Bodi ya Elimu, na Bodi ikatoa sharti moja: wakazi wenyewe waje waseme kama wanaitaka kazi hiyo jirani na nyumba zao. Watasikilizwa Alhamisi jioni, na kura itapigwa hapo hapo.

"Wasipotokea, mabasi yanakwenda kwa kulungu," Ethan alisema. "Na fungu jingine sijui litakuja lini."

"Watatokea."

"Domina, watu wale wana zamu mbili mbili. Mkutano uliopita alikuja mtu mmoja, na alikuwa amepotea njia."

"Watatokea, nimekwambia."

Jioni hiyo hiyo, akiwa anasubiri treni Shaw, moyo unamdunda kwa furaha, akatoa simu akafungua kundi la majirani, kundi lenye watu kuliko kanisa, akabonyeza kinasa sauti na kupaza ile sauti ya Muleba juu ya kelele za treni:

"Jamani majirani, hamjambo! Nina habari kubwa! Mabasi ya watoto wetu yanabadilika! Yakija hayo mapya, yatakuwa ni ya kuchaji. Ndiyo, kuchaji! Bodi inakaa Alhamisi jioni kuamua. Tusipokwenda kusema, imekula kwetu! Njooni wote, mje na sauti zenu!"

Wa kwanza kujibu alikuwa Jepkosgei, Mkenya wa Eldoret, anayehudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, mama wa watoto watatu na msemaji wa jengo zima. Akaandika: "Ati kuchaji? Haki hii America! Mtachaji ngapi?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtanzania akiulizia mabasi angesema mangapi. Lakini Domina aliishi na Wakenya wa bara muda mrefu, akajua kwao kila kitu ni ngapi, wawe watu, wawe mbuzi, yawe mabasi. Akajibu kwa furaha: "Kumi kwa kuanzia, mwenzangu! Mambo yakienda vizuri, inaongezeka kila mwaka!"

Mwingine akauliza: "Kila siku?"

"Kila siku! Hata wikiendi, maana yanatoka na timu za mpira!"

Sikujua naye akatuma sauti yake, nyembamba: "Na ni nani alikubaliaka hii mambo?"

"Serikali yenyewe, mama! Nami nimeipigania mwaka mzima!"

Neno ni moja, kazi zake mbili. Simu huchajiwa, na mwenye duka naye huchaji. Domina mwaka ule wote alilala na betri akaamka na betri. Majirani zake walilala na bili wakaamka na bili. Kila mtu alisikia lililokuwa kichwani mwake. Basi la shule, kitu cha bure toka siku waliyofika Marekani, sasa litachaji nauli, dola kumi kwa mtoto, kila siku ya Mungu, na mwenzao anashangilia.

Kundi likanyamaza. Domina akadhani wamezidiwa na furaha.

Jumatano akakutana na Jepkosgei mlangoni, na sare yake ya kazi, uso umekazika kama ngoma.

"Kesho mnakuja?" Domina alimuuliza.

"Tunakuja."

"Wengi?"

"Wengi sana. Utashangaa."

"Mungu awabariki, dada yangu!" Domina akamkumbatia. Jepkosgei akasimama kama nguzo.

Alhamisi Domina alivaa gauni lake la kitenge la harusi za watu. Alipofika, ukumbi ulikuwa umefurika mpaka watu wanasimama ukutani. Akina mama wenye watoto mgongoni, akina baba waliotoka zamu na buti zao, bibi mmoja wa Kikongo na kiti chake mwenyewe cha kukunja. Nehemiah alikuwa mbele kabisa. Ethan akamshika Domina mkono kwa nguvu.

"Umewezaje?"

"Niliwaita tu!" alisema, anang'aa.

Ndipo wakayainua mabango. Yalikuwa mengi, yameandikwa na watoto kwa kalamu nene za rangi, na yote yalisema kitu kimoja kwa Kiingereza: NO CHARGING.

Domina akasoma. Akasoma tena. Watu wake mwenyewe, jirani zake wa ngazi moja, wamekuja kuyakataa mabasi.

"Uliwaambia nini?" Ethan alimnong'oneza.

"Niliwaambia waje!"

Mwenyekiti wa Bodi alikuwa mama mmoja aliyewahi kuwa mwalimu, Bi Audrey, miwani kwenye ncha ya pua, mtulivu. Akatazama mabango, akaandika kitu, akamwita wa kwanza. Jepkosgei akaishika maikrofoni. Kiingereza anakijua vizuri, na ubaya ni kwamba Kiingereza nacho kwa neno hilo kina ugonjwa ule ule.

"Mimi ni mama wa watoto watatu," alisema. "Tumekuja kuwaambia hatutaki kuchaji. Mnasema kumi kwa kuanzia, halafu kila mwaka inaongezeka. Kila siku, hata wikiendi. Na hakuna mtu alituuliza."

Wajumbe wakaitikia kwa vichwa. Walikuwa wameusoma mpango, na mama huyu ameusoma pia, kila kitu amekitaja sawasawa.

"Tunawaelewa, bibi," alisema Bi Audrey. "Wasiwasi wenu ni kwamba kuchaji kutakuwa karibu mno na nyumba zenu?"

"Karibu au mbali, kuchaji ni kuchaji!"

Ukumbi ukalipuka makofi. Mjumbe mmoja mwanamume, mpenzi wa ile yadi ya kulungu tangu mwanzo, akajiegemeza kitini na kutabasamu.

Akaitwa Sikujua. Kiingereza chake ni cha dukani tu, na mkalimani wa Kiswahili hakuwepo, kwa hiyo Bi Audrey akamwomba Domina asimame naye. Domina akaenda. Kazi ya mwaka mzima, na sasa aizike kwa kinywa chake mwenyewe, sentensi kwa sentensi.

"Miye naitwa Sikujua. Niko na batoto batano. Bote banapandaka basi ya hapa."

Domina akatafsiri.

"Miye ninafanyaka kazi ya kusafisha mahoteli. Sina bwana hapa."

Domina akatafsiri.

"Kama ni kumi kila siku, kumi mara batoto batano, miye nitatoa wapi? Batoto batatembea na miguu mu theluji?"

Domina akaacha kutafsiri, akamgeukia.

"Kumi mara batano?" aliuliza kwa Kiswahili.

"Ndiyo. Niko na batano, si unabajua?"

"Kumi ya nini, Sikujua?"

"Ya dola! Si ni weye ulisema?"

Na kila jibu alilolituma likarudi kichwani kwa Domina likiwa limevaa nguo nyingine. Kumi kwa kuanzia. Inaongezeka kila mwaka. Hata wikiendi. Nimeipigania mwaka mzima. Mungu wangu! Kwanza akashika mdomo. Kisha kicheko kikaanza tumboni, kikampanda, akashindwa kukizuia. Akaisukuma maikrofoni pembeni, maana hakuihitaji.

"Jamani! Si kuchaji HELA! Ni kuchaji BETRI!"

"Betri gani?" sauti ikauliza nyuma.

"Ya basi! Basi linachomekwa ukutani kama simu yako! Halinywi dizeli! Halitoi moshi! Na mtoto halipi hata senti moja, leo wala kesho! Kumi ni mabasi! Mabasi kumi!"

Jepkosgei alikuwa amesimama, bango limeinama mkononi. "Kama simu?"

"Kama simu!"

"Wewe mama! Ulitaka kutuua na presha! Si ungesema tu stima? Mabasi ya stima!"

"Kwetu stima ni meli! Ningesema mabasi ya stima, Watanzania wote wangekuja na maboya!"

Hapo watu wakavunjika mbavu. Yule bibi wa kiti cha kukunja akaangukia bega la jirani. Nehemiah akajipigapiga kichwa kwa bango lake.

"Nehemiah!" Domina akamgeukia. "Na wewe? Wewe si uliliendesha?"

"Niliambiwa watoto wanalipishwa nikaona giza! Hata hilo la friji lilinitoka kichwani!"

Bi Audrey akagonga meza. "Mkalimani, tafadhali. Na sisi tungependa kucheka."

Domina akaeleza kwa Kiingereza, neno moja, maana mbili, na majibu yake yote kwenye simu. Bi Audrey akavua miwani akajifuta macho. Wajumbe wakacheka. Wote ila yule mwanamume.

"Bi Mwenyekiti," alisema, "kichekesho ni kizuri, lakini ratiba ni ratiba. Wakazi wameshasema mbele yetu kwamba hawataki, na mabango tumeyaona. Muda wao umekwisha. Mimi naomba tupige kura."

Kicheko kikakatika. Domina akamtazama Ethan, Ethan akatazama saa ya ukutani. Kweli, muda ulikuwa ukingoni.

Bi Audrey akarudisha miwani puani bila haraka. "Huyu mama aliyesimama hajamaliza dakika zake," alisema. "Bi Sikujua, endelea."

Sikujua hakuwa ametarajia kuendelea. Alikuja na hotuba ya dola kumi, na hotuba hiyo imekufa. Akasimama akivuta kanga yake. Halafu akaongea taratibu, na Domina akatafsiri neno kwa neno, asiongeze lake hata moja.

"Dirisha ya batoto bangu inaangalia mabasi. Kila asubui ya baridi moshi inaingiaka. Ninaweka mataulo, inaingiaka. Mutoto wangu wa mwisho, ananikamataka mukono usiku, anasema, mama, hewa iko wapi? Miye nilikimbiaka vita. Sikujua kama hapa nitapiganaka na dirisha. Kama hiyo basi inakula moto ya ukuta na haikohoe, muchimbe barabara. Muchimbe hata leo. Nitawapikia bale banachimba."

Akageuka kwa watu. "Bale banataka basi ya kuchaji, basimame!"

Wote wakasimama. Bibi wa kiti akasimama, akakunja na kiti. Jepkosgei akalishika bango lake kwa mikono miwili, akararua kipande cha NO, akakitupa, akainua juu kilichobaki. Akafuata wa pili, akafuata wa tatu, karatasi zikawa zinararuliwa ukumbi mzima, na watoto waliozichora wakawa wanashangilia kuliko watu wote.

Kura ikapigwa kwa mikono. Mkono mmoja tu ulibaki mezani. Yowe alilolipiga Domina Laurean lilimfanya mlinzi wa mlangoni aingie ndani mbio kuona nani kaumia. Ethan alimkumbatia Nehemiah, ambaye hakuwa hata amesalimiana naye. Nje kwenye baridi, Jepkosgei akamshika Domina masikio yote mawili kama mtoto.

"Siku nyingine ukitaka kutuambia kitu, andika na Kiingereza, umpe mtu mwingine asome kwanza!"

"Kiingereza hicho hicho mlichoandikia mabango?"

Barabara ilichimbwa majira ya kuchipua. Sikujua kweli aliwapikia mafundi, sombe, kisamvu chao kile, na wali, mpaka wakawa hawataki kumaliza kazi. Mabasi yakafika wakati wa joto, kumi, yananukia upya, na siku shule zilipofunguliwa Domina alikuwa getini kabla ya jua. Alitaka kuyaona yakitoka. Yalitoka moja moja, taa zinawaka, Nehemiah mbele ameketi wima kama bwana harusi. Hakukusikika kitu ila mlio mwembamba wa magurudumu juu ya kokoto. Domina alipiga makofi peke yake mpaka viganja vikamwasha.

Yalipokwisha kutoka, simu yake ikalia. Jepkosgei.

"Domina! Mabasi yako yameharibika? Mbona kimya?"

"Hayajaharibika! Yameshaondoka!"

"Yameondoka lini? Domina! Mimi miaka hii yote huamshwa na hiyo kelele! Sina hata alarm!"

Domina akainua macho kwenye maghorofa. Taa zilikuwa zinawaka dirisha moja baada ya jingine, na milango inafunguliwa kwa kishindo. Akina mama wakaanza kumwagika kwenye ngazi na vilemba vya kulalia, watoto wanaburuzwa, mmoja na mswaki mdomoni, mwingine na kiatu kimoja. Sikujua alitoka wa mwisho, macho yamevimba kwa usingizi mzito, watano wake nyuma yake, yule mdogo anapiga miayo.

"Mama Domina," alisema, "tulilala! Bote tulilala!"

Domina akacheka mpaka akaegemea geti. Kisha akafungua milango ya gari lake, akawapakia waliotosha, akawapeleka, akarudi, akapakia tena, kila safari watoto wanaimba na mama zao wanagombana ni nani alipaswa kumwamsha nani. Safari ya mwisho aliingia nao mpaka ofisini, kwa maana mtoto akichelewa lazima sababu iandikwe. Karani akatazama msururu ule wote, akashika kalamu.

"Watoto wote hawa? Niandike sababu gani?"

"Andika," alisema Domina Laurean, na darasa la jirani wakamsikia, "andika kwamba basi halikupiga kelele."